Treni haisimami Kibaigwa

Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, tarehe 25 Julai 2024, stendi ya mabasi ya Nzuguni, hapa Dodoma, ilikuwa kama ina matanga. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila mpiga debe. Basi linakula saa nane, wakati mwingine tisa. Treni ya haraka haifikishi nne. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000, na njiani hakuna mizani wala trafiki wa kupunga mkono. Wakala mmoja wa tiketi, mtu mzima aliyekula chumvi pale stendi, aliniambia biashara ya mabasi ya njia hii imeshazikwa, kilichobaki ni arobaini.

Abiria wamepungua, hilo halina ubishi, na wapo wenye mabasi waliohamishia magari yao njia nyingine. Lakini mabasi yapo. Sababu yake iko kwenye ramani. Reli ikitoka Morogoro inashika Kilosa, inapita Gulwe kule Mpwapwa, ndiyo inakuja Dodoma. Barabara inashika Dumila, Gairo, Kibaigwa, Mbande, Chamwino. Mtu anayekwenda kununua mahindi Kibaigwa, mama anayepeleka mgonjwa kutoka Gairo, kijana anayerudi Mbande na magunia mawili juu ya keria, hao wote treni haiwasaidii kitu. Inapita mbali nao.

Nimelitazama jambo hili kwa muda, na nadhani ndipo mjadala wetu wa ushindani ungepaswa kuanzia. Mfanyabiashara mdogo akikutana na mwenye nguvu huangalia kwanza ukubwa wake: ana maghala mangapi, ana mtaji kiasi gani, magari yake mangapi. Anavunjika moyo kabla hajauliza jambo la pili, kwamba huyu mkubwa anasimama vituo gani, na vipi anavipita.

Sisi wa kanda ya kati tulipaswa kulijua hili mapema kuliko wengine, kwa sababu Kongwa ni yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale mpango wa karanga, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Zililetwa trekta, likaletwa jeshi la wataalamu, fedha zikamwagwa. Mvua ya Kongwa haikujua habari hizo. Udongo ulikauka ukawa kama tofali, majembe ya trekta yakakatika, na mwanzoni mwa 1951 mpango ukaachwa baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Wagogo waliokuwa wakilima uwele na mtama pembezoni mwa mashamba yale walikuwa wanajua mvua ya pale inavyokuja na inavyokatika. Hakuna aliyewauliza.

Sasa niingie dukani, maana ndiko wengi wetu tunakopatia ugali.

Jiji hili limekua haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Serikali ilihamia, wizara zikajengwa Mtumba, watumishi wakaja na mishahara yao. Mwenye duka wa Nkuhungu au Chang'ombe aliona wateja wakiongezeka mlangoni. Hakuona kwamba nyuma ya wateja wanakuja pia wenye mitaji: maduka makubwa ya kujihudumia, wauzaji wa jumla kutoka Dar es Salaam wanaofungua matawi. Na treni ikaongeza lake. Zamani kwenda Kariakoo ilikuwa safari ya siku mbili, tatu, na nyumba ya kulala wageni juu. Leo mteja wako anapanda asubuhi, ananunua, usiku analala kwake Kisasa. Kariakoo imehamia mtaa wa pili.

Wenye maduka wengi hukimbilia kushusha bei. Nawaelewa, lakini naomba tupige hesabu pamoja. Tuseme bidhaa unainunua shilingi 2,800, unaiuza 3,000. Faida yako 200. Ukiishusha hadi 2,900, mteja ameona punguzo dogo tu, kama asilimia 3, ila wewe umekata faida yako nusu. Ili urudi ulipokuwa jana lazima uuze mara mbili. Mwenzako mkubwa, aliyeinunua 2,600 kwa sababu amechukua lori zima, anaiuza 2,800, bei yako wewe ya kununulia, na bado anabaki na 200 yake. Vita hiyo umeingia bila risasi. Nimeona fremu zikirudishwa kwa mwenye nyumba kwa njia hii, mwenye duka akiwa bado anasema biashara ilikuwa inatembea. Kweli ilikuwa inatembea, na mtaji ulikuwa unatembea nayo.

Wengine hushika njia ambayo huwa haisemwi hadharani, nami nitaisema. Ni kurudisha ile shilingi mia kwa mlango wa nyuma. Jiwe la mizani linapunguzwa kidogo. Mchele wa daraja la chini unachanganywa na wa juu. Mafuta ya alizeti, ambayo Singida na Dodoma ndiyo jina letu nchi nzima, yanaongezewa mafuta ya bei rahisi yaliyoagizwa nje na kumiminwa kwenye dumu lile lile. Upande wa shamba kuna lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, mkulima akilipwa bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia na robo. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi na Wakala wa Vipimo hupita kukagua, lakini tunajua bado ipo.

Anayefanya hivi hujitetea kwamba wakubwa nao wanaiba, tena kwa kalamu. Sikubaliani naye, na sababu yangu ni ya kibiashara kabla haijawa ya dini. Duka la mtaani lina kitu kimoja ambacho duka la kujihudumia haliwezi kukinunua, nacho ni daftari. Mle ndani kuna majina ya watu wanaochukua unga tarehe 18 na kulipa mshahara ukitoka. Kuna mama ambaye mtoto wake anatumwa bila hela, na anapewa. Deni lile linasimama juu ya kuaminiana kwa pande mbili: wewe unaamini atalipa, yeye anaamini kilo yako ni kilo. Siku akipima nyumbani akakuta gramu 900, umempeleka kwa mshindani wako kwa mkono wako mwenyewe, na pengine deni la mwezi huo atakwenda nalo.

Kwa hiyo kinachobaki kwa mdogo ni kuungana na wadogo wenzake. Hapa nataka kukaa kwa muda, kwa sababu neno hili linasemwa sana na kueleweka kidogo.

Dada yangu ana duka Nkuhungu. Miaka miwili iliyopita yeye na wenzake wanne, wote wa mtaa ule ule, wote wakigombea wateja wale wale, walianza kununua pamoja. Sukari, mafuta, sabuni za unga, ngano. Kila Ijumaa wanaandika orodha, kila mmoja anatuma fedha yake kwa simu, mmoja wao anasafiri kwa zamu, mzigo unakuja kwa Fuso moja badala ya kila mtu kulipia nafasi yake kwenye gari la mwingine. Bei ya kununulia ilishuka, maana sasa wanakwenda kwa mwenye ghala kama mteja mmoja mkubwa. Baada ya miezi kadhaa mwenye ghala alianza kuwapa sehemu ya mzigo kwa mali kauli, wanachukua, wanauza, wanarudisha. Hakuna hata mmoja wao ambaye angepewa mali kauli ya kiasi kile peke yake.

Mzigo ukishashushwa kila mmoja anarudi dukani kwake, na ushindani unaendelea. Dada anauza kwa bei yake, jirani kwa yake. Mmoja anafungua saa 11 alfajiri kuwahi wanaokwenda kazini Mtumba, mwingine anafunga saa 6 usiku. Wameungana kwenye ununuzi na usafiri tu.

Tunao mfano mkubwa zaidi wa jambo hili hili hapa nchini, na kila mtu anao mfukoni. Vodacom ilileta M-Pesa mwaka 2008 ikawa mbele ya wote. Kwa miaka kadhaa, kumtumia fedha mtu wa mtandao mwingine kulikuwa usumbufu. Ulikuwa unampa namba ya siri, naye anamtafuta wakala wa mtandao wako ili aitoe. Hali hiyo ilimfaa aliye mkubwa, kwa sababu kila mtu alitaka kuwa kwenye mtandao wenye watu wengi. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel, waliokuwa wakiwindana wateja usiku na mchana, wakakubaliana kufungua njia ili fedha ipite kutoka pochi moja kwenda nyingine moja kwa moja. Mwaka 2016 M-Pesa nayo ikaingia. Mtumiaji alifaidika, wadogo wakapata pumzi, na mkubwa hakufa. Waliunganisha barabara, kisha kila mmoja akaendelea kupigania abiria.

Niliweka neno "njia" na neno "ununuzi" makusudi, kwa sababu upo muungano wa aina nyingine. Nilialikwa siku moja kwenye kikao cha wafanyabiashara wa soko moja hapa mjini, sitalitaja. Agenda ilisema "mshikamano". Baada ya soda, mwenyekiti akafungua hoja yenyewe: bei ya mafuta ya kula ni ya chini mno, tukubaliane wote tusiuze chini ya kiasi fulani kuanzia Jumatatu, na atakayekiuka tumwambie msambazaji asimpe mzigo. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja muuza nafaka alinyoosha mkono akauliza swali moja tu: "Hili tutaliandika kwenye ubao wa soko wateja walisome?" Kikao kilipoa. Makubaliano yale hayakufika Jumatatu.

Tangu siku hiyo sijapata kipimo kizuri kuliko cha mzee yule. Dada yangu na wenzake wanaweza kumwambia mteja wao yeyote wanachofanya Ijumaa; wengi wanajua, na wanafurahi kwa sababu bei imeshuka. Wale wa kikao wasingeweza. Na sheria ya nchi iko upande wa mzee. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja, kususia mtu kwa pamoja na kula njama kwenye zabuni, na ilivyotungwa iliweka faini inayoweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Watu wengi wanadhani sheria ile ni ya viwanda vya saruji na bia. Haina sentensi inayosema kwamba wenye maduka ya rejareja wanaruhusiwa kumkaba mnunuzi kwa sababu na wao wanakabwa na mwenye ghala.

Kuna wasomaji watakaosema mdogo akipanga bei anajilinda tu. Nimelifikiria hilo kwa dhati, maana nawapenda watu wale. Lakini anayelipia kinga hiyo ni nani? Ni yule yule wa kwenye daftari. Na mkubwa anafurahi, kwa sababu mmempandishia bei ya mtaa mzima naye ameongeza faida yake bila kutoa jasho.

Mambo yanakuwa magumu zaidi pale mwenye nguvu anapokuwa ndiye mnunuzi wako. Hapa nazungumzia zabibu. Zao hili la Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na Chinangali linavunwa mara mbili kwa mwaka, na likishaiva halimngoji mtu. Mahindi utayaweka stoo Kibaigwa ukisubiri bei; zabibu hukai nazo wiki. Wanunuzi wakubwa ni wachache, ni wenye viwanda vya mvinyo, na wanajua hivyo. Tena wanaweza kuagiza mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, kutoka nje. Mkulima mwenye ekari moja akisimama mbele ya mnunuzi wa namna hiyo na kreti zake, hana anachoweza kusema zaidi ya kupokea.

Ushirika ndio uliobuniwa kwa ajili ya hali hii: kukusanya mzigo, kujadili bei kwa sauti moja, kusindika mchuzi na kuuhifadhi ili mkulima asilazimishwe na kuoza kwa tunda. Hata hivyo neno ushirika lina kidonda kwetu. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982, na katikati yake na baada yake wazee wetu waliona fedha zao zikipotelea kwenye ofisi za viongozi. Leo kuna Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ipo hapa hapa Dodoma. Usimamizi huo unahitajika. Lakini ukienda vijijini utakuta AMCOS nyingi, yaani vyama vya ushirika vya mazao, zinadhoofishwa pia na mwanachama wa kawaida anayekubaliana bei mchana kisha usiku anamuuzia dalali pembeni kwa nyongeza ya shilingi 50. Namlaumu, ingawa najua ada ya shule ya mwanawe inadaiwa. Dalali anajua akiwapata watu kumi wa hivyo msimu huu, msimu ujao hatahitaji kuongeza hata senti, kwa sababu hakutakuwa na wa kujadiliana naye.

Kufanya kazi na mkubwa moja kwa moja, kwa kumuuzia bidhaa au kuwa wakala wake, ni jambo jema kama macho yako yako wazi. Wanaotengeneza unga wa lishe, asali na viungo hapa mjini wote wanatamani rafu ya duka kubwa. Wakumbuke kampuni mbili za maduka makubwa kutoka Kenya: Uchumi, waliofunga maduka yao Tanzania mwaka 2015, na Nakumatt, waliochukua maduka ya Shoprite mwaka 2014 nao wakaanguka miaka michache baadaye. Wote wawili waliacha wasambazaji na ankara zisizolipwa. Mimi binafsi niliwahi kupeleka asali kwenye duka moja kubwa kwa makubaliano ya kulipwa baada ya siku 30. Nililipwa siku ya 140, baada ya kwenda mwenyewe mara sita. Mzigo wa pili nilipeleka nusu, na nusu nyingine nikauza mnada wa Msalato Jumamosi kwa fedha taslimu. Sikuona haja ya kugombana nao, ila sikutaka tena mtaji wangu wote ulale kwenye stoo ya mtu mwingine.

Serikali nayo ni mteja mkubwa, na sheria za manunuzi zimetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwamo wanawake na vijana, kupitia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni. Ni fursa halisi katika mji wenye wizara zote. Nasikitishwa na vikundi vinavyosajiliwa kwa majina ya akina mama ambao hawajui hata zabuni ilihusu nini, kazi ikifanywa na mwenye mtaji aliyejificha nyuma yao. Ni ugonjwa ule ule wa raia anayemkopesha mgeni leseni yake. Amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15, rejareja ikiwamo ila maduka makubwa ya kujihudumia yakaachwa, imeweka adhabu pia kwa raia anayemsaidia mgeni kuikwepa: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Tulioidai amri ile kwa sauti kubwa ndio tunaotakiwa kuwa wa kwanza kukataa kukodisha majina yetu.

Ijumaa iliyopita nilikuwa Nkuhungu wakati orodha inaandikwa. Lilikuja jambo jipya. Mwenye duka la mkabala na la dada, yule ambaye kwa miaka minne wamekuwa wakinyang'anyana kila mteja anayeshuka bajaji pale kona, ametuma mtu kuuliza kama anaweza kuingia kwenye mzigo. Wanne walikubali. Dada alinyamaza muda mrefu, akiwa ameshika kalamu.

"Mdogo wangu, wewe unasemaje?" akaniuliza. "Si wewe ndiye unayeandika mambo haya?"

Nikamwambia, "Dada, mchukueni."

Akauliza kama namjua mtu yule alivyo. Nikasema namjua, na kwamba mizani yake sijawahi kusikia ikilalamikiwa. Alifikiri tena. Kisha akaandika jina la sita chini ya orodha, na pembeni yake akaongeza kwa herufi kubwa: TASLIMU, MALI KAULI BAADA YA MIEZI SITA.

Wengine wakauliza kama na wao waliingia kwa sharti hilo. Akawaonyesha ukurasa wa kwanza wa daftari, ambako jina la kwanza lenye sharti lile lile ni la kwake.